Ngao ya Shemeji

Mjinga wa siku hiyo nilikuwa mimi. Naanza na hilo mwenyewe kwa sababu Isiolo si mji wa kuficha kitu. Nisiposema mimi atasema Mamo wa kompyuta, na Mamo akisimulia huongeza chumvi mpaka mchuzi unageuka dawa ya kutapisha. Nilibonyeza neno moja, "Ondoa", mahali nilipotakiwa kuuliza swali moja kwanza. Nilifunzwa upelelezi na polisi, nikafukuzwa na polisi, nikafunzwa tena na njaa, na bado.

Tulikuwa sebuleni kwa Fathia, Bulla Pesa, feni ikizunguka kama mtu anayelazimishwa kazi. Fathia ni mjane. Mumewe alimwachia lori moja la kubeba bidhaa kwenda Merti na mbuzi kurudi, na mikononi mwake lori hilo lilitembea kuliko enzi za marehemu. Halafu likaanza kuviziwa. Mara ya kwanza watu wenye bunduki walilisimamisha mbele ya Gotu, wakafungulia mbuzi porini. Fathia akabadilisha njia. Mara ya pili walikuwa wanalingoja kwenye njia hiyo mpya, na dereva wake, Chachu, akapigwa risasi ya mkono. Alikuwa bado amelala hospitalini, na kila anayekwenda kumwona alikuwa anamuuliza swali moja tu: walijuaje?

Swali hilo ndilo nililoitiwa. Lori lilikuwa uani, limejaa unga na sukari, safari ni mchana huo huo. Lisipoondoka, wenye maduka wa Merti wangetafuta lori la mtu mwingine. Likiondoka na kuviziwa tena, huenda safari hii risasi isingechagua mkono. Na Abdifatah, ndugu wa marehemu, alikuwa ameshatamka mbele ya wazee wa familia: jambo hili likitokea mara ya tatu, lori litoke kwa mwanamke lirudi kwa wanaume.

"Nani anajua njia kabla gari halijatoka?" nikamuuliza.

"Mimi."

"Na?"

"Na Mwenyezi Mungu. Yeye simshuku."

"Abaayo, dada yangu, mimi niko kazini."

"Na mimi nakujibu. Tangu mara ya kwanza nilifunga mdomo. Asubuhi naandika safari hapa." Akagusa kompyuta iliyokaa juu ya meza kando ya dirisha, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. "Njia, saa, dereva. Natoa karatasi. Nampa dereva injini ikiwa inanguruma. Turnboi, utingo wake, anajua wakati gari linakata kona."

Akaondoa kitambaa, akawasha. Mashine ikachukua muda wake. Ilipoamka tu, dirisha jekundu likaruka katikati ya skrini na kengele ikalia. Fathia akalifunga haraka bila kulisoma, kama unavyomfukuza mbuzi kwenye unga. Likaruka jingine, dogo, kutoka pembeni. Akalifunga nalo.

"Ni nini hizo?"

"Antivirus. Ninazo tatu."

"Tatu? Kompyuta moja?"

"Hii moja ilikuja na mashine. Hii ya kengele nilinunua kwa Mamo. Na hii ya kijani ni ya shemeji Abdifatah, alileta kwa flashi nilipotoka eda. Akasema, mjane anahitaji ulinzi."

Pembeni kabisa palikuwa na ngao ya kijani imetulia. Chini yake maneno mawili: Uko salama.

Hapa ndipo nilipoonyesha akili yangu. Nilimkumbuka mlinzi mmoja wa soko aliyekuwa akivunja kufuli usiku, na asubuhi ndugu yake anauza kufuli mpya. Nikajiambia, anayepiga kelele ya hatari ndiye anayetaka kukuuzia wokovu. Nikavuta kiti. Antivirus ya Mamo nikaibonyeza: Ondoa. Ile iliyokuja na mashine nikaizima. Ikaniuliza, una hakika?

"Nina hakika," nikasema kwa sauti, ili Fathia asikie.

Kengele ikanyamaza. Ngao ya kijani ikabaki peke yake.

"Ah," akasema Fathia. "Nyumba imepoa."

"Ukichagua, chagua kimya. Sasa tutafute msaliti mwenye miguu."

Mwenye miguu aliyekuwa karibu alikuwa Lokaale, turnboi, amekaa kwenye kivuli cha lori akifunga turubai. Mturkana mrefu, mpole, na kosa lake lilijulikana mji mzima: alikuwa ndani ya gari mara zote mbili na hakupata hata mkwaruzo.

"Ejok, Lokaale."

"Ejok. Afande, umekuja kunisalimia ama kunifunga?"

"Itategemea. Lete simu."

Akanipa bila kusimama. "Angalia vizuri. Kuna picha ya mama yangu na picha ya mbuzi. Mbuzi ndio wengi."

"Mara ya pili gari lilibadilisha njia. Na bado walikuwa hapo. Wewe ulikuwa na Chachu, una simu, una vidole."

"Simu gani? Siku hiyo simu ilibaki kwa nyumba ya huyu mama Fathia, inachaji. Muulize."

Fathia alikuwa amesimama mlangoni. "Kweli. Ilibaki kando ya kompyuta. Ililia mpaka nikataka kuitupa kisimani."

Ushahidi wa mji mzima ulikuwa umekwisha kabla turubai halijafungwa.

"Na risasi ya Chachu ilipita hapa," akasema Lokaale, akipitisha kidole mbele ya pua yake. "Mlitaka iniguse ndio muniamini?"

"Niambie ulichoona. Si ulichosikia."

Akafikiri. "Walikuwa wamekaa."

"Wamekaa vipi?"

"Wamepika chai. Moto umekuwa majivu, sufuria imegeuzwa. Mtu ameitwa mbio hapiki chai, afande. Hao watu walijua tangu asubuhi."

Nilimrudishia simu yake. Tangu asubuhi. Asubuhi Chachu alikuwa hajui. Lokaale alikuwa hajui. Asubuhi safari ilikuwa mahali pamoja tu, nje ya kichwa cha Fathia: ndani ya ile mashine yenye kitambaa.

"Mwite Mamo," nikamwambia Fathia. "Na usimwambie ni kwa nini."

Mamo alifika kwa pikipiki, bisibisi mfukoni, mdomo ukiwa umetangulia. Ndiye anayetengeneza nusu ya kompyuta za mji huu, na hiyo nusu nyingine ameiharibu yeye pia, kwa maneno ya wateja wake.

"Salaam aleikum. Mama Naimo, mashine inasumbua?" Akaketi, akatazama skrini, akageuka. "Kelele imeenda wapi?"

"Nimeiondoa," nikasema.

"Ipi?"

"Yako."

"Na ile iliyokuja na mashine?"

"Nimeizima. Sasa jibu wewe. Mkono wako uko ndani ya kila kompyuta hapa mjini. Ukitaka kusoma safari za huyu mama ukiwa dukani kwako, utashindwa?"

Utani ukamtoka usoni. Alikuwa amemjua Chachu tangu utoto, na alielewa ninachouliza. "Hashi, unaniuliza kama nilimpiga Chachu risasi?"

"Nakuuliza kama unaweza kusoma."

"Siwezi. Ile niliyomuuzia ina leseni, unaishusha mwenyewe kutoka kwa ukurasa wa wenye kuitengeneza, mimi nampa tu namba. Na nilimwambia hapa hapa, mbele ya kikombe hicho: chagua moja, zingine utoe. Fahali wawili hawakai zizi moja. Yeye akafuga watatu!"

"Ni kweli aliniambia," akasema Fathia.

Hapo nikauliza swali nililopaswa kuuliza kabla sijabonyeza chochote. "Yako ilikuwa inapiga kelele kuhusu nini?"

Mamo akageukia skrini. "Sijui. Kila nikija, mama ameshafunga dirisha."

Tukamgeukia Fathia wote wawili.

"Ilikuwa inaitukana ngao ya shemeji," akasema. "Ati si ya kuaminika, ati iondolewe. Na ile iliyokuja na mashine ilikuwa inaitukana hiyo hiyo. Nikasema ni wivu wa biashara. Nyinyi hamjaenda soko la mifugo? Ukisimama kwa mbuzi wa huyu, yule anakuambia mbuzi huyo anahara."

"Na ngao ya kijani? Iliwatukana wenzake?"

"Hata siku moja. Ile ina adabu."

Feni ilizunguka. Mashahidi wawili wasiojuana, kila mmoja kwa wakati wake, wanamtaja mtu yule yule. Mtu huyo hamtaji yeyote, ana adabu, anakuambia uko salama. Katika polisi ningemfunga pingu kabla ya chai. Hapa nilikuwa nimewafukuza mashahidi na kumwachia yeye nyumba.

"Kwa nini hukuitoa?" nikamuuliza taratibu.

"Nimtolee zawadi?" Fathia akashusha sauti. "Hashi, wewe ni Msomali, usiniulize kama mtalii. Mume wangu alipokufa, Abdifatah alitaka dumaal, anioe yeye ili mjane na mali wabaki kwa familia. Nikakataa. Hilo lilikuwa kubwa. Mwanamke akishakataa kubwa, hawezi tena kukataa kidogo. Akileta sukari napokea. Akileta antivirus napokea. Kila akija anakaa hapo ulipo, anatazama kama ngao yake bado ipo."

"Bando lako la intaneti linaisha vipi?"

"Kama maji ndani ya debe bovu. Nimempiga marufuku mwanangu Naimo kutazama katuni."

"Naimo yuko wapi?"

"Shule tangu saa mbili."

Nikainama chini ya meza kwenye kile kisanduku cha waifai. Taa zilikuwa zimetulia. "Andika kitu. Chochote."

Fathia akaandika: Bismillahi. Taa mbili zikaanza kuchezacheza kama macho ya mgonjwa wa homa. Akainua mikono. Zikatulia. Akaandika tena. Zikacheza. Hakuna ukurasa uliokuwa wazi, hakuna barua iliyokuwa inatumwa. Ngao ya kijani ilikuwa imekaa pembeni, salama kabisa.

Mkono wa Mamo ulikuwa tayari kwenye mausi. Nikaushika. Nikaweka kidole mdomoni, nikaonyesha mlango. Sikujua kama lile dude lilikuwa na macho peke yake au na masikio pia.

Nje, nyuma ya lori, Mamo akalipuka kwa kunong'ona. "Niache niitoe! Natoa, nasafisha, narudisha ile yenye leseni, anabadilisha nywila zote, kazi imeisha!"

"Kazi yako imeisha. Ya Fathia haijaanza. Abdifatah atasema aliipata kwa mtu Nairobi, kwa nia njema, na yeye pia ametapeliwa. Wazee watamwamini. Na huenda ni kweli."

"Si kweli," akasema Fathia.

"Unajua, au unataka?"

Kivuli cha lori kilikuwa kimefupika mpaka miguuni mwetu. Lokaale aliacha kamba zake akasogea. Mtu ambaye asubuhi nilikuja kumfunga sasa alikuwa mmoja wa watu wanne tu niliowaamini katika uwanja ule, ukinihesabu mimi, na mimi nilikuwa na dosari.

"Tuandike safari ya uongo," nikasema. "Gari linapita Gotu. Halafu tuone."

"Tuone nini?" Fathia akanikata. "Wenye bunduki wataenda Gotu, watapika chai yao, watarudi. Watakuja hapa kutuambia aliyewatuma? Hiyo njia yako itatuonyesha kwamba mashine inasema. Haitatuonyesha inamwambia nani."

Alikuwa sahihi, na alikuwa ameanza kurudi ndani kwenye mashine. Nikamzuia kwanza. "Simu zote. Kila mtu." Tukaziweka juu ya stuli karibu na mlango, zangu na za Mamo, ya Lokaale, ya Fathia mwenyewe, zimelaliana kama dagaa. Sasa katika nyumba ile kilichobaki na uwezo wa kusema na mtu wa nje kilikuwa kimoja.

Fathia akaketi. Nilisimama nyuma yake. Akaandika kama kawaida yake, bila haraka. Njia: Gotu. Saa: saa nane mchana. Dereva.

Hapo vidole vikasimama kidogo. Kisha akaandika: Khadar Abdifatah.

Nilishika mgongo wa kiti. Khadar ni mtoto wa kiume wa pekee wa Abdifatah. Ana leseni ya magari makubwa, na tangu Chachu aumie alikuwa amekuja mara kadhaa kumwomba Fathia usukani, baba yake asijue. Asubuhi ile alikuwa soko la mifugo na vijana wenzake.

Fathia hakutoa karatasi. Hakugusa simu. Alihifadhi, akafunika mashine kwa kitambaa chake, akakaa kitako mikono mapajani. Chini ya meza taa zilicheza, zikacheza, zikatulia.

Tukangoja.

Kungoja ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo mtu hakufundishi. Lokaale nilimwambia apande kwenye kibini ya lori awashe injini, ionekane safari ipo. Mngurumo ukaingia ndani, vikombe vikatetemeka kabatini.

"Na akiwa hana hatia?" Mamo akaninong'oneza.

"Basi nitakuwa mjinga mara mbili kwa siku moja, na wewe utakuwa na hadithi mpaka Ramadhani."

"Na akiwa nayo, lakini ampigie mtoto wake simu badala ya kuja?"

Ningekuwa na jibu la hilo ningekuwa bado polisi. Kama angempigia Khadar, mtego ungekuwa umekufa na sisi tungebaki na lori linalonguruma na wenye bunduki wanaoelekea Gotu.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Watu wakapita nje kuelekea msikitini, viatu vikiburura vumbi. Abdifatah hakosi safu ya kwanza, hilo linajulikana. Barabara ikanyamaza. Swala ikaanza.

Gari likafunga breki langoni kwa nguvu.

Nilichungulia kupitia pazia. Abdifatah alitoka bila kufunga mlango wa gari. Kanzu nyeupe, kofia ya kudarizi, na miguuni ndala za bafuni. Hakuja mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye lori, akapanda ngazi ya kibini, akaingiza kichwa dirishani.

"Yuko wapi?" tukamsikia.

"Nani, mzee?" Sauti ya Lokaale.

Akashuka. Akaingia sebuleni kama mtu anayeingia kuzima moto, akazikanyaga karibu simu zetu.

"Fathia, lori hili haliondoki."

"Salaam aleikum, shemeji," akasema Fathia. "Nikuletee chai?"

"Haliondoki! Zima hiyo injini. Barabara ile imeharibika, umeshamvunja Chachu, sasa unataka nini? Unataka kuniulia mtoto?"

"Mtoto yupi, mzee?" nikauliza kutoka kwenye kona yangu.

Ndipo akaniona. "Warya, wewe polisi wa kufukuzwa, mimi naongea na mke wa ndugu yangu. Khadar haendeshi gari hili. Mtoe, yuko ndani?"

"Khadar ni mtu mzima," akasema Fathia. Sauti yake ilikuwa chini, kama ya mtu anayehesabu tasbihi. "Ana leseni. Barabara ya Gotu ni ya watu wote. Kwa nini watoto wa wenzako wapite na wako asipite?"

"Kwa sababu kuna hatari!"

"Umejuaje leo kuna hatari? Chachu alipokuwa anaondoka hapa, ulisimama pale langoni ukamwombea dua."

Abdifatah akafuta uso kwa ncha ya kanzu. Niliona akitazama meza, akitazama kitambaa, akinitazama mimi, akimtazama Mamo na bisibisi yake. Si mtu mpumbavu. Akavuta pumzi, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote, na sauti ikarudi ile ya mbele ya wazee.

"Sikilizeni. Naona mnanitazama kama mwizi. Mimi ndiye niliyeilinda nyumba hii tangu ndugu yangu afe. Ile ngao hapo ni yangu, hamjawahi kusikia imelalamika. Leo mtoto wangu ameniambia anaendesha lori, saa nane, kupitia Gotu. Mwenyewe, kwa mdomo wake. Amenipigia simu kuniaga. Baba ameshtuka, amekimbia. Tangu lini mtoto kumuaga baba yake ikawa ushahidi? Hashi, wewe una watoto, niambie. Mamo, niambie. Kosa langu ni lipi?"

Mamo akaniangalia. Mwanzoni mwa siku ile, maneno yale yangenitosha. Ningeomba radhi na kubeba kofia yangu. Lori lilinguruma uani. Fathia akanyoosha mkono, akakunja kitambaa cha kompyuta taratibu, pembe kwa pembe.

"Amekuaga vipi, shemeji," akasema, "na mpaka sasa Khadar mwenyewe hajaambiwa kwamba anasafiri?"